Hivi barua zetu za siku hizi zinaandikwa na nani? Watu wa stesheneri, walimu na mafundi simu njooni hapa

#1 Stesheneri Mwanjelwa
Habari zenu wadau. Nina kistesheneri hapa Mwanjelwa, kazi yangu kuprinti, kutoa kopi, kuskani, kujaza fomu za watu mtandaoni na kuchapa barua. Zamani mtu alikuwa anakuja na karatasi ya daftari kaandika kwa mkono, unapambana na mwandiko hadi macho yanawasha, ila ukimaliza kuchapa unajua huyu ni nani, katoka wapi na anataka nini. Siku hizi anakuja na simu, "bro niprintie hii nimekutumia WhatsApp". Unafungua unakuta barua imenyooka, aya nne, haina kosa hata la mkato, "ningependa kuchukua fursa hii adhimu kuwasilisha", halafu ukimuuliza kaka hapa unaomba nini hasa anakwambia soma humo humo kila kitu kipo. Nasoma, nasoma tena, sikioni. Kuna kijana kaprinti nakala tano za barua ya kuomba kazi ya udereva, chini kabisa imebaki "weka jina lako kamili hapa". Nikamshtua. Akasema aah hiyo nitajaza kwa peni.

Hoja yangu ni hii: hizi programu za kompyuta zinazokuandikia barua zenyewe, kama ChatGPT, hazijatufundisha kuandika, zimetusaidia kuficha kwamba hatujui tunachotaka kusema. Na wasiozitumia nao wanazidi kuharibu, meseji moja utakuta "kwasababu", "ambae", "alie kuja", "ntakua uko". Tumefikaje hapa? Na nani ana njia ya kweli ya mtu wa kawaida kuandika vizuri? Sizungumzii waandishi wa vitabu, nasema huyu anayeandika barua ya ruhusa, meseji kwa mteja, muhtasari wa kikoba.

#2 Boda wa Uyole
Nimekaa siti ya mbele kabisa, endeleeni.

#3 Binti wa Kihesa
Mkuu mimi lawama naipeleka kwenye kibodi. Simu nyingi mtu ananunua zimeshawekwa Kiingereza, unaandika "sana" inaleta "sand", unaandika "wewe" inaleta "were", mtu anarekebisha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu anasema potelea mbali inaeleweka. Mama yangu ananitumia meseji nusu yake Kiingereza na hajawahi kusoma Kiingereza maisha yake yote, halafu ananipigia kuniuliza mbona hujibu.

#4 Fundi Kibodi
Niko Soweto (ya Mbeya jamani sio ya Sauzi), natengeneza kompyuta na simu. Dada #3 kasema kweli ila dawa ni ya dakika moja na watu hawajui. Kwenye Gboard, hii kibodi ya Google, gusa alama ya gia, ingia kwenye lugha, ongeza Kiswahili. Utaona cha Tanzania na cha Kenya, chagua chako. Kiingereza unaweza kukiacha humo humo, kibodi inakisia zote mbili kwa pamoja. Na kuna kamusi binafsi ambayo hakuna anayeigusa: unaiwekea kifupi, mfano unaandika "anw" inakuletea anwani yako nzima na sanduku la posta. Mtu wa biashara anayejibu wateja swali lile lile kutwa nzima hii inampunguzia kazi sana.

Kwenye kompyuta: ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili haimaanishi umekosea, ni Word inasoma Kiswahili chako ikidhani ni Kiingereza kibovu. Nimeona makarani wanabadilisha maneno sahihi ili tu nyekundu iondoke!! Chagua maandishi yote, ingia Review, halafu Language, ubadilishe lugha ya ukaguzi. Ukikwama weka LibreOffice, ni ya bure na ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia. Grammarly mnayoisikia kila siku achaneni nayo kwa Kiswahili, haikijui.

#5 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Vijana wangu, kibodi haina kosa. Nimefundisha Kiswahili shule za Rungwe mpaka nimestaafu, nawaambia tatizo limeanzia darasani. Mtihani wa darasa la saba ulifika mahali mtoto anashedi tu A, B, C, D, hata hisabati. Mtoto anamaliza shule ya msingi hajatunga insha ya ukurasa mmoja ikasahihishwa kwa wino mwekundu ikarudishwa arudie. Kisha anaingia kidato cha kwanza, masomo yote yanageuka Kiingereza, Kiswahili kinabaki kipindi kimoja miongoni mwa vingi. Kwa hiyo hajui kuandika Kiswahili kwa sababu amekiacha, na hajui kuandika Kiingereza kwa sababu hajakifikia. Hiki Kiswahili sanifu kina kanuni zake, wataalamu walikaa Mombasa mwaka 1930 wakachagua lahaja moja ili tuandike kwa namna moja, sasa kila mtu anaandika yake.

#6 Dogo wa Iyunga
shkamoo mwl. ila mwl mbona hata wakubwa wanaandika ivoivo. mjomba angu kasoma enzi za nyerere anaandika "nimekufika salama"

#7 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Marahaba. Mjomba wako huyo alikuwa anakaa dawati la nyuma.

#8 Mzee wa Ipogolo
Kamwene wote. Mwalimu heshima yako lakini nikurekebishe kidogo. Mkutano wa Mombasa ulikuwa 1928, ndio uliochagua Kiunguja. 1930 ndio ikaanza ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. BAKITA wamekuja baadaye sana, 1967.

Na sababu mimi naiona nyingine kabisa. Ni SMS. Mnakumbuka simu za tochi? Meseji moja herufi 160, ukizidisha moja tu inahesabiwa meseji mbili unakatwa mara mbili. Ndio tukaanza "xaxa", "2po", "k2", "nmefka". Mtu alikuwa anabana shilingi. Sasa vifurushi vimekuja, WhatsApp unaandika gazeti zima bei ile ile, lakini mkono umeshazoea kubana. Aliyejifunza kuandika kwa njaa hata akishiba anaandika kwa njaa.

#9 Fundi Kibodi
Mzee wangu 160 ni pamoja na nafasi na nukta. Na ukiweka ka-emoji kamoja tu inashuka hadi 70. Watu wa matangazo ya misiba kwa SMS wanaliwa hela hapo bila kujua, wanaweka ile mikono ya kusali mwishoni.

#10 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
1928, sawa mzee, asante. Hoja ya insha inabaki palepale.

#11 Mwana Kyela
Mnazunguka tu. Sisi wengine lugha ya nyumbani haina r kabisa, umekua unasema l, unaandika unachosikia, basi. Kinyakyusa hakina hiyo sauti mtaniua? Wakati wa uchaguzi nilitaka kuandika kwenye grupu la kijiji nikaona uvivu nikabonyeza kipaza sauti nikaongea, "ndugu zangu Jumatano twende tukapige kura". Ikaandika tukapige kula. Watu wakauliza kwa nani, kuna wali au ndizi.

#12 Boda wa Uyole
Nimecheka hadi abiria kaniuliza kuna nini 😂😂 wali wa Kyela ungekuwepo kituo kingejaa

#13 Binti wa Kihesa
@Mwana Kyela hapo sasa mashine ndiyo imekuwa mkweli kuliko wewe, imeandika ulichosema.

Ila kuandika kwa sauti mimi nakutetea. Nina dada yangu ana mgahawa, mikono ina unga muda wote, oda za chapati anaongea tu kwenye simu inaandika. Shida yake haiweki nukta, linatoka fungu moja refu kama treni ya TAZARA, inabidi mtu arudi aikate mwenyewe kabla ya kutuma.

#14 Parachichi Njombe
Mimi naongelea hela, mengine mtajua wenyewe. Nanunua parachichi kwa wakulima huku Njombe napeleka kwa dalali. Nikaandika kwenye grupu, "gari linakuja kesho kutwa nzima tupakie". Nilikuwa na maana kesho, tupakie kutwa nzima. Nusu wakasoma keshokutwa. Kesho yake gari limefika, nusu ya wakulima mzigo wao bado uko juu ya miti na dereva anadai hela ya kulala. Hiyo programu gani ingeniambia? Kila neno lilikuwa sahihi. Kuanzia hapo naandika siku na tarehe, "Alhamisi tarehe 12, saa moja asubuhi", na bei naandika kwa kilo au kwa kreti sio "bei ile ile". Sijasomea ila hasara imenifunza kuliko insha, samahani mwalimu.

#15 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Usiombe samahani, hiyo uliyoandika ndiyo insha. Ungekuwa darasani kwangu ningekupa alama zako. Ningekata moja kwa "kesho kutwa nzima".

#16 Karani wa Masijala
Nimesoma toka juu. Mimi nakaa masijala kwenye ofisi moja huku nyanda za juu, jina lake silitaji. Barua zinazoingia kwa siku ni nyingi na hakuna mtu anayezisoma zote mwanzo hadi mwisho, tusidanganyane. Tunaangalia vitu vitatu: nani kaandika, YAH inasema nini, na kama anajibu barua yetu basi Kumb. Na. yake ipo au haipo. YAH ndiyo inayoamua barua inaingia jalada gani na inakwenda meza ya nani. Sasa mtu anaandika "YAH: OMBI". Ombi la nini? Mwingine "YAH: HUSIKA NA MADA TAJWA". Barua hiyo inazunguka wiki nzima halafu mtu anapiga simu analalamika ofisi haifanyi kazi. Andika "YAH: OMBI LA RUHUSA YA SIKU NNE KUHUDHURIA MAZISHI MAKETE". Hata aya zako ziwe mbovu vipi, imeshafika inapotakiwa.

Na hizi za mashine tunazijua. Zote zina "natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema", sasa mkurugenzi na afya yake vimeingiaje kwenye ombi la kiwanja.

#17 Stesheneri Mwanjelwa
@Karani umenigusa. Ila na nyie wa ofisini mnachangia, mtu asipoanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu" mnamwona hajasoma. Hiyo sentensi inasema nini? Kichwa si kipo hapo juu anakiona.

#18 Karani wa Masijala
Haisemi kitu. Lakini ukiitoa bosi anauliza huyu ni nani.

#19 Dogo wa Iyunga
wakuu mm naomba msaada serious. natafuta sehemu ya field, nasoma diploma ya umeme mwaka wa pili, nimeambiwa chatgpt inaandika barua nikaiomba ikaleta hii nataka kuprint kesho iko poa?

"Ninaandika barua hii kwa heshima kubwa kueleza shauku yangu ya dhati ya kujiunga na taasisi yenu tukufu. Nikiwa kijana mwenye ari, maono na kujituma, ninaamini kwamba ujuzi wangu mpana utaleta mchango chanya katika kufanikisha malengo ya taasisi yenu."

#20 Mwana Kyela
Dogo hapo umeomba field au umeomba ubunge?

#21 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Mwanangu, nijibu haya. Unataka kwenda wapi, kuanzia lini hadi lini, umeshafanya kazi gani ya umeme kwa mikono yako, na chuo kimekupa barua?

#22 Dogo wa Iyunga
karakana moja apa mbalizi mwl. julai mpaka septemba. nishafanya wayaring za nyumba na fundi mmoja na tulikua tunatengeneza pampu za maji. barua ya chuo ninayo

#23 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Basi barua umeshaiandika, ona:

"Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ya uhandisi wa umeme. Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika karakana yenu kuanzia Julai hadi Septemba. Nimewahi kufunga nyaya za umeme majumbani na kutengeneza pampu za maji nikiwa chini ya fundi. Nimeambatanisha barua ya utambulisho kutoka chuoni."

Maneno yote nimeyachukua kwenye #19 na #22, nimenyoosha tu. Hakuna shauku wala maono. Mwenye karakana anataka kujua kama utaungua na waya.

#24 Binti wa Kihesa
Mwalimu shikamoo, hiyo ni nzuri ila angalia ulichofanya: ulimuuliza maswali kwanza. Mimi hiyo mashine naitumia hivyo hivyo. Siiambii "niandikie barua". Naiambia "niulize maswali mpaka uelewe ninachotaka, usiandike bado". Nikishajibu naandika mwenyewe, halafu naipa naiambia sahihisha tahajia tu, usibadilishe maneno yangu, nionyeshe ulipogusa. Inaona "ambae" kabla yangu, inaona nimeandika "mfano" mara tatu kwenye mstari mmoja. Kosa letu ni kuiachia ianze yenyewe. Ikianza yenyewe haina cha kusema kuhusu wewe, itatoa wapi, inajaza tu.

#25 Stesheneri Mwanjelwa
Hiyo ni wewe dada umesoma. Wateja wangu hawaulizwi maswali na mashine, wanabonyeza mara moja wanaleta. Na Kiswahili chake chenyewe unakisikia kimetafsiriwa, maandishi mengi iliyofundishiwa ni ya Kiingereza. Kuna mama kaja na barua ya kikundi cha ushonaji wanaomba "tarakilishi". Nikamuuliza mama ni nini hiki, akaniambia mwanangu nilijua wewe ndiye unajua.

#26 Mzee wa Ipogolo
Tarakilishi ni kompyuta. Wakenya wanalitumia zaidi.

#27 Stesheneri Mwanjelwa
Najua mzee. Nasema yeye hakujua, na barua ni ya kwake.

#28 Fundi Kibodi
Kabla sijasahau, kuna kitu hakijasemwa. Watu wanabandika humo kwenye hizo programu barua nzima na namba ya NIDA, namba ya simu, jina la mgonjwa, hadi stetimenti ya benki. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 lakini sheria haitakurudishia kitu ulichomwaga mwenyewe. Weka "fulani" na "namba" kwenye rasimu, za kweli jaza mwishoni ukiwa kwenye faili lako. Na wenye stesheneri (samahani mkuu #1) barua za watu zinabaki kwenye kompyuta na kwenye WhatsApp yenu miaka, futeni.

#29 Stesheneri Mwanjelwa
Hapo umenipiga kwa haki, nafuta kila Jumamosi sasa hivi nitaongeza na Jumatano.

#30 Parachichi Njombe
Swali kwa Karani. Wale wanaoomba kazi za serikali kwenye Ajira Portal, barua iwe Kiingereza au Kiswahili? Maana mdogo wangu kang'ang'ania Kiingereza na chenyewe hakijui.

#31 Karani wa Masijala
Soma tangazo lenyewe la nafasi. Mara nyingi wanaandika wazi kwamba barua iandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na iwe imesainiwa. Watu wanahangaika na Kiingereza cha kukopa halafu wanasahau kusaini. Mwambie asaini ndipo askani.

#32 Mama Kikoba Mafinga
Hamjambo wanangu. Mimi ni katibu wa kikoba, muhtasari wangu wa kikao unakuwa kurasa sita na hakuna anayesoma, kila mmoja ananiuliza tena tulikubaliana nini. Nifanyeje? Huku baridi hata vidole havikunjuki.

#33 Binti wa Kihesa
Hatujambo mama, shikamoo. Mama usiandike nani alisema nini, andika kilichoamuliwa, nani atafanya, mpaka lini, na kiasi cha hela. Mabishano ya nani alichelewa kurejesha yaache kikaoni.

#34 Karani wa Masijala
Sikubaliani. Muhtasari wa hela unatakiwa uonyeshe na aliyepinga. Siku mkifika kwa mtendaji kugombana, hayo mabishano ndiyo yatasomwa. Mama andika yote, ila maamuzi yaweke ukurasa wa kwanza.

#35 Mwalimu Mstaafu Tukuyu
Na usome kwa sauti kabla ya kutoa kopi. Mahali pumzi inapokatika ndipo nukta inapokaa. Hiyo haihitaji bando.

#36 Mwana Kyela
Mwalimu sisi wengine tukisoma kwa sauti ndio r zinageuka l tena.

#37 Mama Kikoba Mafinga
Asanteni, marahaba binti. Huyu anasema punguza huyu anasema andika yote. Nitaweka ya kwanza mbele nione watasemaje Jumapili.

#38 Dogo wa Iyunga
mwl nimeipeleka kwa stesheneri ingine apa karibu akaniongezea "husika na kichwa cha habari hapo juu" bila kuniuliza 😩

#39 Stesheneri Mwanjelwa
Sio mimi jamani.

#40 Boda wa Uyole
Mimi swali langu ni la kiufundi. Naandika orodha kwa Word, (a) sawa, (b) sawa, nikiandika (c) inageuka ile alama ya kopiraiti. Katiba ya chama chetu cha boda imejaa hizo alama, msajili ametuuliza ni za nini.

#41 Fundi Kibodi
Ikigeuka tu bonyeza Ctrl na Z mara moja, inarudi (c). Kuizima moja kwa moja: File, Options, Proofing, AutoCorrect Options, kwenye orodha tafuta hiyo (c) uifute.

#42 Boda wa Uyole
Imekubali, ubarikiwe fundi. Na ile ya kulazimisha herufi kubwa kila ninapoanza mstari mpya nayo iko humo humo?